Kunyanyua vyuma si kwa vijana tu: dhana potofu za watu wa ofisini waliovuka miaka 40

“Kwa umri wangu kutembea kunatosha, vyuma tuwaachie vijana.” Kauli hii hutoka kwa wahasibu, walimu wakuu, maofisa mikopo, watu wa miaka 43, 48, 52, na kila anayeitamka huamini anazungumza kwa busara. Ukweli ni kinyume kabisa. Kijana wa miaka 22 akiacha vyuma hapotezi kikubwa, kwa sababu mwili wake bado unajenga. Anayevihitaji hasa ni huyo anayevikataa.

Kuanzia miaka ya 30 mwili hupoteza misuli, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kiti cha ofisini huuharakisha upotevu huo, maana saa nane mfululizo makalio na mapaja hayadaiwi kazi yoyote. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, mapafu na sukari ya damu, na hakuna anayekuambia uache. Lakini misuli hubaki pale inapolazimishwa kubeba mzigo mkubwa kuliko iliouzoea. Barabara tambarare haiwezi kulazimisha mapaja yaliyokubeba kwa miaka 45, na mgongo na mikono haiigusi kabisa. Ndiyo maana mtu hutembea kila jioni mwaka mzima, kisha anainuka kwenye sofa kwa kujisukuma na mikono.

Dhana hii ina pacha wake: “Ukivuka 40 mwili hauchomi tena chakula.” Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli, matumizi ya nishati hubaki karibu yaleyale kati ya miaka 20 na 60, ndipo huanza kushuka polepole. Kwa hiyo kilichobadilika kwa mtu wa 45 ni misuli iliyopungua, gari au bodaboda iliyochukua nafasi ya miguu, na sahani ambayo haikupungua pamoja navyo.

Jipime leo. Egemeza ukutani kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, chenye kimo cha sentimita 45 hivi. Kunja mikono kifuani, kisha simama wima na kukaa mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Kwa watu wa miaka 60 hadi 64, mwanaume anayepata chini ya 14 na mwanamke anayepata chini ya 12 wako chini ya wastani. Kama una 46 na hufiki hapo, hilo ni tatizo kubwa kuliko kilo zako.

Siku mbili kwa wiki zinatosha, mfano Jumanne na Ijumaa, dakika 25 kila siku. Gym si lazima. Dumu la lita 5 likijazwa maji ni kilo 5, la lita 10 ni kilo 10. Fanya mambo manne, kila moja seti 3 za mara 8 hadi 12 (seti ni mfululizo mmoja wa kurudia zoezi bila kupumzika), ukipumzika dakika moja na nusu kati ya seti.

La kwanza ni kukaa na kusimama kwenye kiti ukiwa umeshika dumu. Shuka ukihesabu hadi tatu, usijitupe, na magoti yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea; yakiingia ndani, sogeza miguu na upunguze mzigo. La pili ni kuinama kwa nyonga: shika dumu kwa mikono miwili, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango wa gari kwa makalio, mgongo umenyooka, dumu likipita karibu na mapaja. Hili ndilo zoezi ambalo mgongo wa mtu wa kompyuta unalililia. La tatu, weka mkono mmoja mezani, inama, na kwa mkono mwingine vuta dumu hadi kiunoni. La nne ni pushapu, ukianzia ukutani, kisha ukingo wa meza imara, mwisho sakafuni.

Wengi hukosea kwenye mzigo. Seti iishe ukiwa umebakiza nguvu za kurudia mara mbili au tatu tu. Ukifika 12 kwenye seti zote tatu na bado unaongea vizuri, ongeza uzito. Anayebeba dumu lilelile la lita 5 kwa miezi sita alishaacha kujenga kitambo. Kosa la pili ni kuziba pumzi wakati wa kuinua, jambo linalopandisha presha ghafla. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. La tatu ni kuchuchumaa mara mia siku ya kwanza, kushindwa kushuka ngazi siku tatu, kisha kutangaza kwamba mazoezi hayakufai. Kama presha yako ukiwa umetulia ni 180/110 au zaidi, anza kwa daktari, siyo kwa dumu. Na magoti yanayolia bila maumivu wala uvimbe si ugonjwa.

Misuli haijengwi kwa chai na maandazi. Mtu wa makamo anayefanya mazoezi haya alenge gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 75 hadi 90 kwa mwenye kilo 75, zigawanywe kwenye milo yote mitatu. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15 hivi, glasi ya maziwa 8. Mayai mawili na maziwa asubuhi vinakupa 20, ilhali kifungua kinywa cha kawaida cha ofisini hakikupi hata nusu yake. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii. Aulize kliniki yake.

Zipo dhana nyingine za kusahihisha. Mazoezi ya tumbo hayaondoi kitambi. Mafuta huchukuliwa mwili mzima, huwezi kuyachagulia mahali. Na kwa mgongo uliokunjwa kutwa nzima, kuukunja tena mara 50 ni kuuongezea adha.

Kujifunga nailoni ili utoke jasho: unapoteza maji. Mizani itarudi palepale ukinywa chupa mbili za maji za nusu lita.

Ugali wa usiku hunenepesha? Kiasi hunenepesha, saa hapana. Angalia zaidi mafuta na sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na mtu wa kilo 75 akitembea nusu saa hutumia takribani 130. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja vinafika 190, kabla hujagusa kitafunwa.

Hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Kwa aliyevuka 60, faida kubwa hupatikana kwenye 6,000 hadi 8,000. Usiache kwa sababu saa yako imeonyesha 7,000.

Bonanza la mpira la Jumamosi haliiandai miguu iliyokaa wiki nzima. Kano ya kisigino iliyolala siku tano haipaswi kuombwa mbio za ghafla dakika 90. Wengi huchanika kano hiyo au msuli wa nyuma ya paja. Kama mpira huuachi, inua visigino ukiwa umesimama, mara 15 seti 3, Jumanne na Ijumaa baada ya madumu, na pasha mwili dakika 15 kabla ya kuingia uwanjani.

Na acha kupima mafanikio kwa mizani peke yake. Tumia futi ya fundi cherehani asubuhi kabla ya kula: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi imetoka, tumbo halijabanwa. Mwanaume kuanzia sentimita 94 na mwanamke kuanzia 80 yuko kwenye hatari, hata kama kilo hazijabadilika tangu harusi. Pima mara moja kila wiki mbili, na siku hiyohiyo rudia kipimo cha kiti.