Replika ya gari la kale: magari mawili ndani ya bodi moja

Ukikutana na tangazo la Marekani lisemalo "Mercedes SSK ya 1929, viti viwili, inatembea vizuri", na bei iliyoandikwa chini ni ya gari dogo lililotumika, usimwite muuzaji tapeli upesi. Huenda ameruka neno moja tu, na neno hilo ndilo linalobeba biashara yote: replika.

Replika ni gari lililoundwa baadaye ili lifanane na gari fulani la zamani. Sura ni ya gari lile. Vilivyo chini ya sura vinaweza kuwa vya gari jingine kabisa, la kampuni nyingine na zama nyingine. Yanayoigwa sana ni marodista, yale magari ya wazi ya viti viwili ambayo mvua ikianza unavuta paa la turubai huku ukimwomba Mungu. Yanaigwa kwa kuwa yalikuwa mazuri mno, na kwa kuwa yalitengenezwa machache mno.

Chukua hiyo SSK. Herufi zake ni kifupi cha Super Sport Kurz, na Kurz kwa Kijerumani ni fupi, maana chasisi yake ilikatwa urefu ili gari lipinde kona kwa wepesi. Lilitoka kiwandani kati ya 1928 na 1932, nalo ni kazi ya mhandisi Ferdinand Porsche. Injini ilikuwa ya lita 7 yenye supachaja, pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada, nguvu zikipita za farasi 200, jambo la kutisha kwa enzi ile. Yaliundwa magari yasiyofika 40. Mengi yaliingizwa kwenye mashindano, yakapondeka, yakafanywa spea za kuokoa mengine, hata leo yaliyobaki kamili kama yalivyozaliwa yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2004 moja liliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni milioni 4.

Kwa hiyo anayeipenda sura ile na hana milioni 4 anafanyaje? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni moja ya Florida, Classic Motor Carriages, ilimjibu kwa gari liitwalo Gazelle. Kwa kawaida haikumuuzia gari zima. Ilimuuzia vipande vya kwenda kuunganisha mwenyewe: bodi ya fibaglasi, madigadi marefu, rejeta inayong'aa, viti, taa kubwa za mbele. Vilivyobaki alitakiwa avitoe kwenye Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa mviringo. Lilikuwepo pia toleo la kutumia vifaa vya Ford Pinto, lenye injini mbele.

Kwa nini Beetle? Kwa sababu ya bolti. Magari mengi ya siku hizi yana bodi na sakafu zilizochomelewa zikawa kitu kimoja. Beetle haiko hivyo. Fungua bolti zilizozunguka sakafu, inua bodi na wenzako kadhaa, na chini linabaki gari zima: sakafu ya chuma, injini, giaboksi, usukani, breki na magurudumu. Ukitaka unaweza kulisukuma uani likiwa uchi vilevile. Jumlisha kwamba Beetle zaidi ya milioni 21 ziliundwa hadi ya mwisho ilipotoka Mexico mwaka 2003, na spea zake zimejaa kila mahali, utaona kwa nini mafundi wa replika waling'ang'ania hapo.

Hapa ndipo dhana yenyewe ilipo, na ningependa msomaji akae nayo kidogo. Replika ni magari mawili. Lipo gari la juu, ambalo watu wanalipigia picha, na lipo gari la chini, ambalo fundi analala mgongoni kulitengeneza. Tangazo huandikwa kwa ajili ya la juu. Pesa yako, karibu yote, itakwenda kwa la chini.

Katika Gazelle ya Beetle umbali kati ya hayo mawili unachekesha. Boneti ni ndefu kama jahazi, imefungwa mkanda wa ngozi, lakini chini yake hakuna injini, maana injini ya Beetle inakaa nyuma. Mabomba ya eksozi yanayochomoza ubavuni mwa boneti hayatoi moshi. Rejeta ile ya fahari haina kazi ya kupoza, kwa kuwa injini yenyewe hupozwa kwa upepo, haitumii maji. Na unapokanyaga mafuta ukitegemea mngurumo wa lita 7, unasikia ule mlio wa cherehani ambao kila aliyewahi kupanda Volkswagen anaujua, kutoka kwenye injini ya nguvu za farasi 50 hivi. Halafu kuna kioja kimoja ambacho wauzaji wenyewe wangepaswa kukitangaza kwa herufi kubwa: Beetle nayo ilibuniwa na Ferdinand Porsche. Gazelle, kwa ajali ya historia, ni kazi ya mzee yuleyule juu na chini.

Si kila replika iko mbali hivyo na asili yake. Porsche 356 Speedster, iliyouzwa kati ya 1954 na 1958, ilitokana na ukoo wa magari yaliyoanza kwa vifaa vya Beetle. Injini yake ilikuwa nyuma na ilipozwa kwa upepo. Kwa hiyo replika ya Speedster juu ya sakafu ya Beetle inakaa karibu na ukweli: injini iko mahali pake, mlio ni wa familia, na mwendo haukuaibishi. Kasoro ni moja, na ni kubwa. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kwenye Beetle ni milimita 2,400, na kwenye 356 ni 2,100. Aliyejenga replika hiyo lazima aikate sakafu katikati, aondoe kama sentimita 30, kisha achomelee. Kiungo kile ndicho uti wa mgongo wa gari lako, na ubora wake ulitegemea mkono wa mtu fulani kwenye gereji fulani miaka 40 iliyopita.

Yapo majina mengine yanayochanganywa na replika. Gari la mwendelezo ni lile linaloundwa upya na kampuni iliyoliunda zamani, kwa michoro yake yenyewe. Mwaka 1957 moto uliunguza kiwanda cha Jaguar pale Browns Lane, Coventry, na magari tisa ya XKSS yaliyokuwa yakisubiri kwenda kwa wateja yakateketea. Karibu miaka 60 baadaye Jaguar ikaamua kuyaunda hayo tisa, kila moja likiuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1. Ni mapya, lakini ukiyaita feki utaonekana hujui kitu. Kisha lipo kundi la Excalibur, gari la mbunifu Brooks Stevens lililoonyeshwa New York mwaka 1964 juu ya chasisi ya gari la kampuni ya Studebaker. Hilo lilifuata mtindo wa SSK bila kudai kuwa SSK, na lilikuwa na jina lake na kiwanda chake mjini Milwaukee. Na yapo yale yaliyoko katikati, yaliyoundwa kwa chasisi au injini iliyotoka kweli kwenye Mercedes ya wakati ule, mengine yote yakiwa mapya. Hayo huleta ubishi hata mnadani.

Gari la kughushi ni jambo jingine. Tofauti yake na replika haiko kwenye bati wala fibaglasi, iko kwenye maneno ya anayeliuza. Fundi wa Zanzibar anayechonga mlango wa maua leo na kukuambia ameuchonga leo hajakukosea. Mwenzake anayeupaka moshi na kukuambia ulitoka kwenye nyumba ya Mwarabu wa zamani, huyo ndiye wa kumwogopa.

Ukitaka kujua muuzaji yuko upande gani, muulize karatasi. Tangazo likisema 1929, kadi ya gari inasemaje? Mara nyingi huonyesha mwaka wa Beetle, tuseme 1970, na jina Volkswagen, na huo ndio ukweli mtupu wa gari la chini. Kwingine huandikwa mwaka lilipounganishwa. California hutoa kila mwaka nafasi 500 za kusajili magari ya kujijengea, ambayo kwa mambo ya moshi hupimwa kwa mwaka ambao bodi au injini yake inafanana nao. Mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu watengenezaji wadogo kuuza replika nzima nzima, zisizozidi 325 kwa mwaka kwa kila mtengenezaji, za magari yenye umri wa miaka 25 au zaidi. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanauza bodi upande mmoja na injini upande mwingine ili sheria isiwaguse.

Waingereza kwa miaka mingi walikuwa na hesabu ninayoipenda kwa jinsi inavyosema wazi gari ni nini. Gari lililobadilishwa sana lilipewa alama: chasisi 5, suspensheni 2, eksili 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Ili lihifadhi usajili wake wa zamani lilihitaji alama 8, na chasisi iwe ile ya asili bila kuguswa. Bodi iliyofungwa juu ya chasisi haikuwa na alama hata moja! Yaani kile kinachokutoa udenda kwenye tangazo, kwa macho ya serikali kilikuwa nguo tu. Sakafu iliyokatwa sentimita 30 ilianguka mtihani huo palepale, na gari lisilo na utambulisho wa kueleweka lilivishwa namba inayoanza na herufi Q, ambayo kila mnunuzi barabarani anajua maana yake.

Basi ukienda kuliona, anza chini. Namba ya chasisi ya Beetle imegongwa kwenye tuta la katikati ya sakafu, usawa wa kiti cha nyuma. Kwenye replika itabidi utoe kiti au zulia uifikie, nayo ilingane na kadi. Ya injini iko kwenye chuma cha injini, chini ya pale dainamo inapokaa. Ukiwa hapohapo nyuma ya viti, tazama palipokuwa na betri ya Beetle: tindikali yake hula bati taratibu, na fibaglasi haitakuonyesha kitu kwa nje. Hili watu husahau. Bodi ya fibaglasi haipati kutu, kwa hiyo gari linang'aa miaka yote huku sakafu ya chuma inayolibeba ikiisha kama biskuti kwenye chai.

Kwenye bodi yenyewe tafuta nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hasa pembe za milango na pale bawaba zilipofungwa. Fungua mlango uone kama unashuka. Kisha waya. Nitasema bila kumung'unya maneno: waya ndizo zinazonitia hofu kuliko injini. Injini ya Beetle fundi yeyote makini anaweza kuishusha na kuipandisha siku moja, na vali zake zinataka kurekebishwa kila kilomita 5,000 hivi, basi. Lakini waya zilifungwa na mteja wa kwanza, jioni baada ya kazi, akifuata kijitabu. Hakuna Gazelle mbili zenye waya sawa, na fundi wako hatapata mchoro wa ile iliyo mbele yake. Omba picha za siku za ujenzi na risiti. Mtu aliyejenga vizuri huwa amezitunza, na atakuchosha kwa hadithi.

Thamani nayo ina desturi yake. Replika haipandi bei kwa sababu SSK halisi imepanda. Bei yake hufuata kazi ya mkono wa aliyeiunganisha na hali ya gari la chini. Bima ikate kwa thamani mliyokubaliana na kampuni kwa maandishi, maana mkadiriaji akifungua kompyuta yake na kukuta "Volkswagen 1970" atakulipa Volkswagen.

Na nyota ya Mercedes juu ya rejeta? Wenye Gazelle wengi waliipachika wenyewe. Kampuni zinazomiliki sura hizo hazilali, ingawa huwa zinamkazia macho mtengenezaji kuliko mwenye gari moja uani kwake. Mwaka 2012 Daimler, kampuni mama ya Mercedes, ilihakikisha bodi ya fibaglasi iliyoiga Mercedes 300 SL ya zamani inasagwa huko Ujerumani, na picha zake ikazitangaza dunia nzima ione.

Kwa aliyeko Nairobi anayefikiria kuagiza, shida inaanza bandarini Mombasa kabla ya hayo yote. Kenya haipokei kwa kawaida gari la mtumba lililopita miaka 8, wala la usukani wa kushoto, na replika ya Marekani iliyokaa juu ya Beetle ya 1970 inagonga kuta zote mbili. Tanzania huruhusu gari kuukuu, ila hulitoza ushuru zaidi kwa uzee wake, na uzee huo unahesabiwa kwa karatasi, si kwa sura. Muulize wakala wa forodha swali hilo ukiwa umeshika nakala ya kadi mkononi, kabla hujatuma hata senti.