Viza ya mwaka mmoja si ruhusa ya kukaa mwaka mzima

Hapa Mwanza, wengi wenye ndugu Ulaya huamini kwamba viza ya mwaka mmoja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inamruhusu mgeni kukaa mwaka mzima, na kwamba akivuka mpaka siku moja na kurudi, hesabu inaanza upya. Imani hii inaeleweka. Tarehe zilizoandikwa kwenye viza ndizo zinazoonekana kwanza, na sisi wa kanda ya ziwa tumezoea kuvuka Sirari au Mutukula na kugongewa muhuri mwingine.

Tarehe hizo zinaonyesha kipindi ambacho viza inaweza kutumika. Muda wa kukaa ni jambo jingine: mtalii hazidishi siku 90 ndani ya siku 180 zozote, kwa nchi zote za Schengen kwa pamoja. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

Chukua mama wa Kirumba anayekwenda kumwona mjukuu Uholanzi. Akiingia 1 Machi na kukaa mfululizo, siku ya 90 ni 29 Mei. Hata akipitia Uingereza, iliyo nje ya Schengen, hawezi kurudi kabla ya 28 Agosti.

Fungua pasipoti mwenyewe. Kwenye stika, chini ya tarehe, pameandikwa idadi ya siku, na inaweza kuwa 30 tu. Tafadhali isome kabla ya kulipia tiketi. Anayehitaji muda zaidi huomba viza ya muda mrefu ya nchi husika, kabla hajaondoka nyumbani.