Homa na Maumivu ya Tumbo, Kumbe ni Utitiri: Maswali na Majibu kuhusu Tifasi ya Vichaka

Tifasi ya vichaka ni ugonjwa gani?

Ni maambukizi ya bakteria aitwaye Orientia tsutsugamushi. Si taifodi. Huenezwa na watoto wa utitiri, wadogo mno, wanaokaa kwenye nyasi na vichaka wakingoja panya au mtu apite. Makao yake makuu ni Asia: India, Nepal, Thailand, Korea Kusini, Japani, hadi kaskazini mwa Australia.

Mdudu ameng'ata ngozi, tumbo linaingiaje?

Bakteria huingia kwenye damu na kushambulia utando wa ndani wa mishipa midogo, ambayo huvimba na kuvuja. Kichefuchefu, kutapika na tumbo kuuma ni mambo ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ndiyo yanayowapoteza madaktari: mfuko wa nyongo kuvimba bila kijiwe hata kimoja, kongosho kuvimba, au vidonda vya tumbo kutoa damu hadi choo kikawa cheusi. Mara chache sana, bandama hupasuka.

Mtu anaweza kupasuliwa bure?

Anaweza. Maumivu yakikaa chini upande wa kulia, wengi hufikiria kidole tumbo. Yakikaa juu, altrasaundi ikaonyesha ukuta wa mfuko wa nyongo umenenepa, daktari wa upasuaji huitwa. Mgonjwa huanzishiwa seftriaksoni, dawa nzuri kwa mengi, lakini bakteria huyu haimwezi. Siku zinapita, homa iko palepale.

Kabla ya kisu, mgonjwa avuliwe nguo akaguliwe: kwapani, kinenani, kiunoni, chini ya matiti. Kinachotafutwa ni kigaga cheusi mahali utitiri alipong'ata, chenye ukingo mwekundu, kama alama ya kuchomwa na sigara. Hakiumi, kwa hiyo mwenyewe huwa hana habari nacho. Kisipoonekana, ugonjwa bado unawezekana. Wagonjwa wengi hawana. Na wapo wanaohitaji upasuaji kweli, kwa mfano mfuko wa nyongo ukitoboka.

Unatibika?

Vizuri sana ukiwahiwa. Dawa kuu ni doksisaiklini. Wajawazito hupewa azithromisini. Mara nyingi homa hushuka ndani ya siku mbili, na mfuko wa nyongo nao ukatulia bila kuguswa. Kwa wagonjwa mahututi, utafiti wa India uliotolewa 2023 ulionyesha kuwa dawa hizo mbili pamoja, kwa njia ya mshipa, zinashinda moja pekee. Chanjo hakuna.

Sisi wa Afrika Mashariki unatuhusu?

Zaidi wanaosafiri, na wanaokwenda India kwa masomo au matibabu ni wengi. Ila maeneo yale ya mwanzo si mpaka wake tena: mgonjwa aliyeambukizwa Dubai mwaka 2006 alikutwa na bakteria wa ukoo huohuo, na nchini Kenya kingamwili dhidi ya kundi hili zimeonekana katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa homa.

Dalili huanza kati ya siku 6 na 21 baada ya kung'atwa, yaani pengine umesharudi nyumbani. Ukishikwa na homa na tumbo, mtajie daktari ulikotoka, na kama ulipita porini au shambani.