Ken Lay alikufa akidaiwa

Nafundisha ukaguzi wa hesabu madarasa ya jioni, na wanafunzi wangu wengi huja moja kwa moja kutoka kazini, njaa zinawauma na macho yanataka kufumba. Somo la Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoongozwa na Kenneth Lay na kufilisika kwa hesabu za kupikwa, huwaamsha. Mwaka fulani nilikuwa nimeshaandika ubaoni "5 Julai 2006, Kenneth Lay afariki", dada mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani alikuwa ametumikia miaka mingapi jela?" Nikamwambia hakutumikia hata siku moja. Tena kwa kumbukumbu za mahakama, hana hatia. Darasa zima likaguna.

Mguno ule ule ulisikika Marekani kote kifo chake kilipotangazwa. Wengi waliousikia waliona ni roho mbaya, watu wanamcheka maiti. Mimi sioni hivyo, na itabidi nirudi nyuma kidogo nieleze kwa nini.

Fani yetu ina maneno mengi ya kutisha, lakini mchezo wa Enron unaeleweka hata gengeni. Chukua mama ntilie aliyepata tenda ya kulisha mafundi wa ujenzi kwa miaka 20. Siku anayokubaliana na msimamizi, kabla hata hajabandika sufuria, anaandika daftarini faida ya miaka yote 20, na bei ya mchele wa mwaka wa kumi na tisa anaikadiria mwenyewe. Madeni ya mkaa na unga anayahamishia kwenye daftari la shemeji yake, ili watu wa benki wakija wakute lake safi. Shemeji wa Enron yalikuwa makampuni ya pembeni yaliyosukwa na mkuu wa fedha, Andrew Fastow, ambaye baadhi yake aliyaendesha mwenyewe na kuchuma humo mamilioni. Kwa hesabu hizo Enron ilisifiwa miaka sita mfululizo na jarida la Fortune kuwa kampuni yenye ubunifu kuliko zote Marekani. Ubunifu kweli ulikuwepo.

Agosti 2000 hisa moja ilifika dola 90. Tarehe 2 Desemba 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na hisa haikufika hata dola moja.

Hapa katikati ndipo chuki ilipopandwa. Mwisho wa mwaka 2000, zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi katika mfuko wa kampuni ilikuwa kwenye hisa za Enron yenyewe. Hisa ambazo kampuni iliwachangia, hawakuruhusiwa kuziuza mpaka wafike miaka 50. Septemba 2001, meli ikiwa imeshaanza kuingiza maji, Lay aliwaambia wafanyakazi kwamba hisa zimeshuka bei na huu ndio wakati wa kununua. Mwaka huo huo yeye alikuwa akiirudishia kampuni hisa zake kimyakimya, kwa mamilioni ya dola, kulipia mikopo aliyochukua humo humo. Siku chache kabla ya kufilisika, mabosi waligawiwa bonasi za dola milioni 55 ili wasiondoke. Maelfu waliofukuzwa waliambulia kwanza kama dola 4,500 kila mmoja. Kuna watu walioitumikia kampuni miaka 20 na hicho ndicho kiinua mgongo walichoondoka nacho.

Na sisi wakaguzi tusijifanye tumekuja msibani mikono mitupu. Hesabu zile zilisainiwa na kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen, na mashine zao za kuchanachana karatasi zilifanya kazi ya ziada msimu ule.

Kesi ilichukua miaka. Tarehe 25 Mei 2006, mjini Houston, Lay alikutwa na hatia ya makosa yote sita mbele ya jopo la raia, na mengine manne ya mikopo ya benki mbele ya jaji. Adhabu ilipangwa kusomwa Oktoba. Wiki sita baada ya kutiwa hatiani, akiwa mapumzikoni karibu na Aspen, Colorado, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 64. Uchunguzi wa maiti ulikuta mishipa ya moyo imeziba vibaya, jambo ambalo daktari yeyote angelitarajia.

Lakini watu hawakuridhika. Zilizuka hadithi kwamba hajafa, yuko kisiwani anakunywa madafu. Mwili ulipochomwa na majivu kuzikwa milimani pasipojulikana, hadithi zikanoga zaidi. Sidhani kama walioyasema hayo waliyaamini kwa dhati. Kwa jinsi ninavyowaelewa, walikuwa wanasema: mtu huyu ametutoroka mara moja, tutajuaje kama hajafanya tena?

Ibada ya kumbukumbu Houston ilihudhuriwa na Rais mstaafu George H. W. Bush na mkewe. Mchungaji William Lawson, mzee mwenye heshima yake katika harakati za haki za watu weusi, alimfananisha Lay na James Byrd, mtu mweusi aliyeburutwa kwa gari mpaka akafa huko Texas mwaka 1998. Kumsifia marehemu msibani si kosa, ndivyo misiba ilivyo. Ila mfano ule ulizidi mipaka, na waliopoteza akiba zao waliusikia kama tusi.

Halafu sheria ikaongeza chumvi kwenye kidonda. Katika mahakama za shirikisho eneo lile, mshtakiwa akifa kabla rufaa yake haijasikilizwa, hatia yenyewe hufutwa, kana kwamba hakuwahi kushtakiwa. Hoja ni kwamba hatia isiyopimwa kwenye rufaa haijakamilika. Waendesha mashtaka waliomba jaji asubiri, wakitumaini Bunge litabadili sheria. Jaji Sim Lake hakusubiri. Tarehe 17 Oktoba 2006 alifuta kila kitu, na pamoja nayo yakaanguka madai ya mamilioni ambayo serikali ilitaka kumnyang'anya Lay kupitia kesi hiyo ya jinai. Siku sita baadaye mwenzake, Jeffrey Skilling, aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa Enron, alihukumiwa zaidi ya miaka 24, hukumu iliyokuja kupunguzwa hadi 14.

Kwetu, Tanzania na Kenya, mrufani akifa kinachokoma ni rufaa, isipokuwa ile ya faini. Hukumu iliyokwishatolewa hubaki pale ilipo. Kama mtu wa hesabu, napenda zaidi utaratibu huu: unalifunga daftari bila kuyachana yaliyokwishaandikwa.

Na tuna desturi nyingine ninayoikumbuka kila nikifundisha somo hili. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa familia husimama akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu. Tunasema marehemu hasemwi, lakini tunalisema hilo baada ya lile tangazo. Houston hakuna aliyesimama kutangaza. Lay mwenyewe alikwishaiambia mahakama kwamba madeni yake yanazidi mali zake kwa dola 250,000. Wadai wakabaki nje ya kanisa na utani wao.

Yule dada hakuridhika. Alipandisha tena mkono. "Sasa zile hela zililipwa na nani?"

Ndiyo sehemu ninayopenda kuifundisha. Kifo huua mashtaka ya jinai tu, kesi za madai huendelea. Wenye hisa walikuja kupata makubaliano ya dola bilioni 7.2, sehemu ndogo tu ya walichopoteza, na mawakili wakachota humo dola milioni 688. Mafungu makubwa yalitoka Citigroup, JPMorgan na CIBC, benki zilizokuwa zikimshikia shemeji daftari.