"Sisi ni PCB, kuandika waachie HKL": dhana potofu za mwanafunzi wa bailojia

Kila muhula mezani kwangu hutua rundo la ripoti za maabara za mwaka wa kwanza, na kila rundo huja na imani zilezile, kama hiyo ya kwamba waliosoma PCB (fizikia, kemia na bailojia) hawahitaji kuandika, kazi hiyo ni ya HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Nyingine wanafunzi wametoka nazo sekondari, nyingine wamerithi kwa kaka na dada wa mwaka wa tatu pamoja na madesa yao, yaani kazi za kunakili. Nitazigusa zile zinazonimalizia wino mwekundu.

"Bailojia ni kukariri na kuchora. Kuandika ni kazi ya watu wa fasihi."

Gregor Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi wa sifa, alifariki mwaka 1884. Njegere alizopanda kwenye bustani ya watawa kule Brno hazipo tena. Kilichobaki ni makala aliyoisoma mbele ya watu mwaka 1865, ikachapishwa 1866, kisha ikakaa zaidi ya miaka 30 bila mtu kuishughulikia sana. Mwaka 1900 wataalamu wa mimea Hugo de Vries na Carl Correns, kila mmoja kwa njia yake, walifika palepale na kukuta mtawa ameshaandika yote. Angeishia kuhesabu tu, leo tusingemjua.

Na angalia alivyoandika. Mbegu 7,324, kati yake 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, uwiano 2.96 kwa 1. Hakusema "nyingi zilikuwa za mviringo". Hata ile 3 kwa 1 tuliyoikariri wote, aliileta baada ya kuweka pamoja hesabu za sifa zote saba alizozichunguza. Mwanafunzi wangu angeandika 3 kwa 1 tangu mbegu ya kwanza.

"Kinachoniangusha ni Kiingereza."

Hili lina ukweli wake, silibezi. Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza sayansi kwa Kiswahili miaka yote, kisha anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kimebadilishwa jina. Lakini mara nyingi fundo haliko kwenye lugha.

Binti mmoja aliniletea ripoti ya jaribio la jani na iodini. Alikuwa ameandika kwamba jani liligeuka jeusi, hivyo usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) umethibitishwa. Kiingereza chake hakikuwa na kosa. Nikamwomba anisimulie kwa Kiswahili alichofanya.

"Nilichemsha jani, nikaliweka kwenye spiriti ya moto mpaka ukijani ukatoka, nikalisuuza, nikadondoshea iodini. Likawa jeusi."

"Iodini inaonyesha nini?"

"Wanga, mwalimu."

"Na huo wanga uliundwa lini? Mmea mliuweka gizani kwanza?"

Akanyamaza, kisha akacheka. Hawakuuweka. Jani lingeweza kuwa na wanga wa jana. Isitoshe, hawakuwa na jani jingine lililonyimwa mwanga la kulinganishia. Akarudi na sentensi mbili: jani lilikuwa na wanga. Kwa kuwa mmea haukuwekwa gizani kabla, hatuwezi kusema wanga huo uliundwa wakati wa jaribio. Hakuna aliyeandika vizuri zaidi yake kwenye rundo lile, na sentensi zenyewe zilizaliwa kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo ninawaambia: kabla hujaandika, msimulie mwenzako wa chumba asiyesoma bailojia. Pale atakapokuuliza "umejuaje?" ndipo penye kazi.

"Mwanasayansi haandiki 'sisi'."

Makala ya James Watson na Francis Crick kuhusu umbo la DNA, iliyotoka kwenye jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953, ina urefu wa ukurasa mmoja na kitu. Neno lake la kwanza kabisa ni "sisi".

Kwenye sehemu ya mbinu, "mirija ilipashwa moto hadi nyuzi 37" haina tatizo, maana hakuna anayejali nani alishika mrija. Tatizo huanza pale mtu alipofanya uamuzi. "Sampuli mbili ziliondolewa" ni sentensi ya kujificha. Nani aliziondoa, na kwa nini? Andika "tuliziondoa kwa sababu zilivuja", watu waendelee na safari. Mkufunzi wako akisisitiza "iliondolewa", mpe anachotaka, alama ziko kwake. Ila sababu usiiache.

"Matokeo yakigoma kufanana na kitabu, yanyooshe."

Hapa ndipo ninapokasirika. Tunakata vipande vya kiazi vya sentimita 5, vingine tunavitumbukiza kwenye maji yaliyokenekwa, vingine kwenye maji ya chumvi, halafu tunapima. Kitabu kinasema vya kwanza vitarefuka na vya pili vitasinyaa. Basi naletewa majedwali ambamo kila kipande kimerefuka milimita 2 kamili, kana kwamba viazi vilikaa kikao. Namba nzuri mno nazo huzua maswali: mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher aliandika kwamba hesabu za Mendel huyuhuyu zinakaribia mno zile zilizotarajiwa, na ubishi ulioanzia hapo umeendelea kwa miongo mingi.

Kikundi kimoja kiliandika kwa unyonge kwamba vipande vya kwenye maji vimesinyaa. Nikawataka waandike hatua zote upya, moja baada ya nyingine. Walipofika hatua ya nne wakagundua kwamba lebo za bika mbili zilibadilishana. Wangenyoosha namba, lebo zile zingebaki na makosa yao, na kikundi kinachofuata kingezikuta hivyohivyo.

"Majina ya Kilatini ni urembo."

Andika "mbu" na mtafiti wa malaria hajui unamzungumzia nani. *Anopheles gambiae* na *Anopheles arabiensis* huwezi kuwatenganisha kwa macho, hata ukiwa na hadubini. Inabidi kupima DNA. Ila *arabiensis* humfuata ng'ombe, asiyelala ndani ya chandarua, kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake, kwa hiyo neno moja linaweza kubadilisha mjadala mzima wa vyandarua. Jenasi, jina la kwanza, huanza kwa herufi kubwa, spishi, jina la pili, kwa ndogo, yote kwa italiki, au kwa kupigia mstari ukiandika kwa mkono. Wanaofanya kazi na mbu hufupisha *An.*, si *A.* peke yake, kwa sababu yupo pia *Aedes*, jenasi nyingine ya mbu.

"Unaanza na ikisiri kwa sababu iko juu."

Hapana, ikisiri ni muhtasari wa ripoti nzima. Mbinu kwanza, ukiwa bado unakumbuka, kisha matokeo. Ikisiri iwe ya mwisho kabisa.

"Nikibadilisha maneno machache, sijadesa."

Zilinijia ripoti tatu za vimeng'enya (enzaimu) zenye maneno tofauti kabisa, na zote zikisema maji yalikuwa nyuzi 370. Wa kwanza alisahau nukta ya 37.0. Wawili walidesa mpaka nukta ambayo haikuwepo. Kwa joto hilo kimeng'enya kisingebaki, na maji yenyewe yangekuwa yameshaondoka zamani.