Mgongo wa Mzee: Yanayosemwa Barazani na Yaliyo Kweli Kuhusu Kairopraktiki

Siku niliyokuta tui la pakiti jikoni kwa mama, Tanga, ndipo nilipojua mgongo umemshinda. Mwanamke aliyekuna nazi tangu ubinti wake hanunui tui la dukani kwa kupenda. Nilipomuuliza akasema kukalia mbuzi anaweza, kuinuka ndiko kunakomtoa machozi.

Basi ukoo mzima ukageuka madaktari. Jirani akasema ni baridi yabisi. Shemeji akaleta mshipi wa kiunoni. Mjukuu yeye alikuja na simu: mtu kalazwa kwenye kitanda chembamba, shingo inazungushwa, ka! na mgonjwa anacheka. "Bibi, twende nawe ukavunjwe mgongo kidogo."

Yule wa kwenye video ni kairoprakta, tabibu anayetibu viungo, hasa pingili za uti wa mgongo, kwa mikono. Kazi hiyo, kairopraktiki, ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, na jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ya mkono. Nairobi na Dar es Salaam wapo wanaoifanya. Ina faida kwa wazee, hilo sasa nalisema bila wasiwasi, lakini si ile faida inayoonekana kwenye video, na maneno yanayoizunguka yamejaa chumvi.

"Ni uzee tu huo, avumilie"

Hili ndilo linaloumiza wazee wengi kuliko maradhi yenyewe. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizochakaa, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 80 walifika asilimia 96. Na hao wote, nasema tena, hawakuwa wanaumwa. Diski zilizochakaa ni mvi za ndani, na mvi haziumi.

Kwa hiyo mzee anayetoka hospitali na bahasha ya picha chini ya kwapa, akiambiwa "diski zimelika", hajaambiwa bado kwa nini anaumwa. Mara nyingi kinachouma ni msuli uliokaza, kiungo kilichozoea kutosogea, nyonga inayomlazimisha mgongo kufanya kazi isiyo yake. Haya yanatibika, walau kwa kiasi. Akishaaminishwa kwamba ni uzee, mzee huacha kuinama, halafu huacha kutoka, halafu hata msikitini au kanisani hafiki, na mapaja yanayeyuka kama sabuni.

"Ikilia ka! pingili imerudi mahali pake"

Hakuna kilichorudi kwa sababu hakuna kilichotoka. Ndani ya kiungo mna majimaji ya kulainisha. Kiungo kikivutwa ghafla, ndani yake hutokea uwazi wa gesi, na mlio huambatana na tukio hilo. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada waliliona kwa mashine ya MRI, wakivuta vidole vya mtu huku picha inachukuliwa. Na kwa wanaoogopa kwamba milio hiyo huleta ugonjwa wa viungo: daktari mmoja wa California, Donald Unger, aliliza vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka hamsini, wa kulia akauacha. Mikono yote miwili ikabaki sawa. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Mkono wa tabibu unapobonyeza au kusukuma, mishipa ya fahamu hupunguza makali ya maumivu na misuli iliyojikunja kwa kuogopa hulegea. Kiungo kinasogea zaidi kuliko jana. Nafuu hiyo ni ya wastani na ni ya muda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliiweka tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono miongoni mwa mambo ambayo mgonjwa anaweza kupewa, pamoja na mazoezi, kukandwa na kuelimishwa. Mwongozo huohuo ukakataza mishipi ya kiunoni kama tiba ya kawaida. Wa shemeji unaning'inia nyuma ya mlango hadi leo, kwa heshima yake.

"Mzee ataguswaje vile? Atavunjika"

Hapa hofu ina nusu ya haki. Kuna wazee ambao mfupa wao umepungua uzito, ndani umebaki na matundu kama mkate uliochachuka. Zaidi ni akina mama waliofikia ukomo wa hedhi, na yeyote aliyemeza prednisoloni kwa miaka kwa ajili ya pumu au viungo. Dalili huwa mbele ya macho na hatuzioni. Bibi aliyekuwa akifikia rafu sasa haifikii, gauni lililokuwa juu ya kifundo sasa linaburuta, kibyongo kinaanza, au alijikwaa tu mkekani na kifundo cha mkono kikavunjika. Mgongo wa namna hiyo hausukumwi kwa kishindo. Wala wa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarin, kabla tabibu hajajua na kupima hatari yake.

Nusu nyingine ya hofu inatokana na video. Kishindo ni njia moja tu kati ya nyingi. Wapo wanaosogeza kiungo polepole, kwenda na kurudi, bila mlio wowote. Zipo meza zinazokunjika taratibu kiunoni na kumnyoosha mgonjwa huku amelala kifudifudi. Kipo kifaa kidogo chenye springi, kinapigapiga mahali pamoja kama mtu anayebisha mlango kwa kidole.

Tulipompeleka mama, alikuwa amejiandaa kuvunjwa. Alivaa dira pana na kunywa uji mapema. Nusu saa ya kwanza hakuguswa. Aliulizwa dawa zote anazokunywa, na mfuko wa vidonge ukamwagwa mezani. Aliulizwa kama amewahi kuanguka, kama amekonda, kama usiku maumivu yanamwamsha. Magoti yakagongwa kwa nyundo ndogo ya mpira. Kisha akaambiwa akunje mikono kifuani, ainuke kwenye kiti na kukaa mara tano, na tabibu ameshika saa. Mara ya tatu alishindwa. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba tatizo la mbuzi halikuwa mgongo peke yake, mapaja yalikuwa yamekwisha.

Akalazwa ubavu, mto katikati ya magoti, akabonyezwa taratibu pembeni mwa uti wa mgongo hadi kwenye nyonga. Hapakulia kitu. Njiani akanung'unika: "Mbona hakuvunja? Hela zote zile!"

Shingo nayo ina lake. Kuizungusha kwa ghafla kunaweza, kwa nadra sana, kuendana na kuchanika kwa mshipa wa damu unaopanda kichwani, na hapo kiharusi si mbali. Mimi kwa mzazi wangu ningekataa shingo kuzungushwa kwa nguvu, basi. Na mtu akitoka kwenye matibabu ana kizunguzungu, anaona vitu viwili viwili au ulimi umekuwa mzito, asirudishwe nyumbani apumzike. Apelekwe hospitali hapo hapo.

"Maumivu ya mgongo ni mgongo tu"

Si kila mara. Kwetu kifua kikuu bado kipo, na hakikai kifuani peke yake, hushuka hata kwenye pingili. Saratani ya tezi dume na ya matiti hupenda mifupa ya mgongo. Maumivu yasiyopungua hata mzee akilala, homa za jioni, kukonda bila sababu: hayo ni ya daktari kwanza. Na kama mzee anahisi ganzi kati ya mapaja, mkojo unamtoka au umegoma kutoka, au miguu inalegea kwa ghafla, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hapo hakuna kukanda, hakuna hijama, hakuna kusubiri Jumatatu.

"Inatibu kila kitu, hata presha na sukari"

Uvumi huu una asili yake. Mwanzilishi, D. D. Palmer, alidai alimrudishia usikivu mfanyakazi wa usafi aliyeitwa Harvey Lillard kwa kumsukuma pingili, baadaye akaandika kwamba asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili zilizohama. Ilikuwa zama zile. Mwaka 2010 baraza linalosimamia makairoprakta wa Uingereza lenyewe lilitamka kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria, na haina ushahidi wa utafiti wa kuifanya iwe chanzo cha maradhi. Wenye kazi yao wamesema hivyo. Sasa ukimsikia mtu mjini anamwambia mzee aache vidonge vya presha kwa kuwa "mgongo ukinyooka damu inatembea", chukua mkoba, msaidie mzee kuvaa viatu, mwondoke.

"Ni yale yale ya mkandaji wa mtaani"

Mkandaji simdharau. Mikono yake na mafuta ya nazi ya moto vimewafariji wazee wengi, na kukandwa kumo kwenye orodha ile ile ya Shirika la Afya Duniani. Shida huanza anapoacha kukanda akaanza kuvuta na kukunja, kwa sababu hawezi kujua mfupa ulio chini ya mkono wake ukoje. Kairoprakta aliyesomea amekaa darasani na kliniki si chini ya miaka minne. Mwongozo wa Shirika hilo la Afya wa mwaka 2005 ulitaja saa 4,200 za mafunzo kwa anayeanza mwanzo. Barani kwetu kazi hii hufundishwa katika vyuo vikuu vya Johannesburg na Durban. Muulize alisomea wapi na amesajiliwa na nani. Aliyesoma haoni haya kuulizwa.

Na kama uko Lindi au Kigoma na kairoprakta humpati, hujapoteza kitu kikubwa. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa anajua kusogeza viungo kwa mikono, na kwenye mazoezi mara nyingi amebobea zaidi.

"Vidonge ni salama kuliko kuguswa"

Diklofenaki ya kila siku kutoka duka la dawa, bila cheti, hutoboa tumbo, hupandisha presha na kuchosha figo, na kwa mzee mambo hayo huja upesi zaidi. Mama alikuwa anaimeza kwa mwaka mzima. Hakuwa ametuambia.

"Alale, apumzike"

Siku moja au mbili za maumivu makali, sawa. Zaidi ya hapo kitanda kinamla. Msuli wa mzee ukilazwa huisha upesi na kurudi kwa shida, na asiye na nguvu za miguu huanguka. Watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba hupunguza kuanguka kwa karibu robo.

Ndiyo maana mikono ya tabibu peke yake haitoshi. Inampa mzee siku mbili tatu za wepesi, na siku hizo ndizo za kufanyia kazi. Akizitumia kulala kwenye kochi, wiki ijayo atalipia wepesi ule ule upya.

Mazoezi ya mama hayakuwa makubwa. Kuinuka kwenye kiti cha kulia bila kushika, mara nane, asubuhi na jioni, mgongo wa kiti ukiwa ukutani usiteleze. Kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika fremu ya mlango mpaka chai ichemke. Kunyanyua visigino akiosha vyombo. Kwenda kwa mdogo wake, mtaa wa pili, kwa miguu badala ya bajaji. Chooni tukafunga bomba la kushikia, kwa sababu kuchuchumaa ndiko kulikokuwa kunamtisha kuliko vyote, jambo alilomwambia tabibu na si sisi wanawe.

"Ukishaanza huachi maisha"

Unaacha. Baada ya wiki nne hadi sita kama mzee hainuki vizuri zaidi, hatembei mbali zaidi, halali vizuri zaidi, njia hiyo haijamfaa, tafuteni nyingine. Jihadhari na anayetaka ulipe mara arobaini kwa mkupuo kabla hata hajamwona anavyotembea. Marekani, bima ya serikali kwa wazee hulipia kairopraktiki ya uti wa mgongo pale tu mgonjwa anapotarajiwa kupata nafuu. Ile ya kwenda tu kwa ajili ya kwenda, unajilipia mwenyewe. Kipimo hicho ni kizuri hata kwa asiye na bima.

Mama alienda mara sita. Maumivu hayajaisha, asubuhi za baridi bado anashika ukuta. Lakini sijida aliyokuwa akiifanya kwenye kiti ameirudisha mkekani, ingawa anainuka kwa hatua mbili, goti kwanza. Mbuzi tulimpelekea fundi seremala akaiongeza miguu kwa inchi nne, na siku iliporudi aliizunguka mara mbili akiikagua kama anayenunua ng'ombe. Pakiti ya tui iliyobaki mjukuu aliimalizia kwenye wali. Bibi yake akala, akasukuma sahani, akasema hauna ladha.