Kilwa nenda kwa kufuata maji

Watu wakitaka kwenda Kilwa huwa wananiuliza mwezi gani mzuri, na mi kazi yangu ni mambo ya kale, kuta za zamani ndo ninazoshinda nazo, lakini jibu langu la kwanza siku zote linahusu bahari. Ndiyo, Juni mpaka Oktoba jua lipo na mvua hamna kabisa au ni za kubahatisha, masika ya Machi hadi Mei yakwepe. Ila ukiishia hapo hujapanga safari bado.

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, mji ulioko bara, si mbali, na miezi ya kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, upepo huo unachachamaa kadiri mchana unavyoenda, kwa hiyo vuka asubuhi. Alafu angalia maji. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu hii maji yanajaa alfajiri na jioni, yanakupwa kabisa mida ya saa nne saa tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Mi Kisiwani napenda mtu aende bamvua kwa sababu maji yakitoka ndo utaona kina mama na watoto wako mwambani wanatafuta pweza na chaza, kijiji kinaishi katikati ya magofu, hayajazungushiwa ua yakatengwa na watu. Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu hapo jirani, ni kinyume chake, kule boti inapita kwenye mikoko na maji yakitoka utatembea kwenye tope mpaka uchoke, kwa hiyo tafuta siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ambapo maji yanajaa katikati ya asubuhi.

Na hii ya maji si ya usafiri tu, mji wenyewe ulitoka humo humo baharini. Ukifika Msikiti Mkuu wa Kisiwani usikimbilie kupiga picha, sogea ukutani uangalie jiwe. Kuta ni matumbawe, yale magumu ya nchi kavu, yameshikwa na chokaa ambayo nayo ni matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo yakachomwa. Sehemu za kuchonga kama kibla wakatumia matumbawe mengine, ya baharini, yakitolewa majini yanakuwa laini unachonga unavyotaka, yakikauka yanakuwa jiwe kweli kweli. Na ukishangaa kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba, jibu ni boriti za mikoko, dari ililala juu ya boriti na boriti ina urefu wake, upana wa chumba ukaamuliwa na mti.

Sasa pale msikitini sehemu ya kaskazini ndo kongwe, karne ya 11, paa lake lilikuwa bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14 wakaongeza upande wa kusini wakaweka kuba, ikaanguka, ikajengwa tena karne ya 15 na hizo ndo kuba unazoziona leo. Mi huwa nakaa pale muda mrefu kuliko Husuni Kubwa, ingawa Husuni ndo kubwa zaidi, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali linaloangalia bahari, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane. Huyu huyu sultani ndo aliyempokea Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331, mgeni aliyeletwa na upepo wa kaskazi akaondoka na kusi kama wafanyabiashara wote wa wakati ule. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita hapa. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imeokotwa mpaka Great Zimbabwe, mji wa kale ulioko Zimbabwe ya leo, na mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Jamani, Australia!

Wareno waliuteka mji 1505, ngome ya Gereza unayoiona ukishuka kwenye boti asili yake ni wao, Waomani wakaijenga upya baadaye. Magofu yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004 hadi 2014, na mojawapo ya mambo yaliyokuwa yanayala ni mawimbi ufukweni. Ndo maana mi nikiona mikoko imekatwa karibu na Gereza naumia kweli, mizizi ile inavunja nguvu ya wimbi kabla halijafika ukutani. Kwa hiyo naomba sana, usipande juu ya kuta, usichukue kigae, yaani kipande cha chungu cha kale, hata kidogo, kigae kikitoka mahali pake kwetu sisi kimepoteza nusu ya habari yake.

Kwenda ni rahisi siku hizi, kutoka Dar ni kama kilomita 300, lami, unavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Kibali chukua Masoko kabla ya kuvuka, chukua na mtembezaji wa kisiwani maana wao wanajua njia na wanajua makaburi ya kuyaheshimu. Vaa nguo ya heshima, wazee waamkie. Ukiwa na siku ya ziada ipeleke Kilwa Kivinje, mji mwingine wa pwani hapo hapo Kilwa, na huko uende asubuhi wavuvi wakiwa wanarudi.